Mjadala: Bongo Movie ilizikwa Kinondoni na Kanumba, au tunamsingizia marehemu?

Mwanakwetu_Sinza (mleta mada)
Wakuu, kila ikifika Aprili yanarudi maneno yale yale kuhusu filamu zetu za Tanzania: "Bongo Movie ilizikwa na Kanumba." Nimeyachoka. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Kijana wa miaka 28 tunamtwika tasnia nzima, ikianguka tunasema kaondoka nayo! Mimi nasema kilichotuua ni soko. Diski moja imebanwa filamu ishirini, filamu za nje zimetiwa sauti ya Kiswahili, na sisi wenyewe nakala moja ilikuwa inazunguka mtaa mzima. Angekuwa hai, naye angefunga ofisi kama wenzake. Halafu nyie mnaomlilia leo ndio mliomcheka 2009 alipoalikwa kwenye shindano la televisheni la Big Brother Africa, mkashinda mtandaoni mnahesabu makosa ya Kiingereza chake. Haya, tujadili kwa hoja.

Bi_Mkora
Umeanza vizuri ukamalizia kwa kutusi watu. "Nyie" ni nani? Mimi sikumcheka, na nilikuwepo viwanja vya Leaders tarehe 10 siku ya kumuaga, watu wanazimia mbele ya macho yangu. Futa hiyo sentensi ya mwisho ndiyo tuongee.

Kalamu_ya_Mkaa
Mimi nilimcheka na sioni haya. Ukikaa mbele ya Afrika nzima unajiita "The Great", jiandae. Hakuna aliyemlazimisha kuongea Kiingereza. Angeomba mkalimani, au angemwaga Kiswahili chake safi tukasikia raha.

Ngosha_wa_Shy
Kalamu, "aombe mkalimani" ndani ya nyumba ya Big Brother? Hivi unajisikia unachoandika? Kijana katoka Shinyanga, kaja Dar kasoma mpaka Jitegemee, kaingia kikundi cha maigizo cha Kaole, kajipandisha mwenyewe hadi Wanigeria wanamjua kwa jina. Wewe Kiingereza chako kimekufikisha wapi zaidi ya hapa kwenye uzi?

Kalamu_ya_Mkaa
Naona Wasukuma mmefika. Ndugu yangu, sijasema hakuwa mwigizaji. Nimesema Kiingereza.

Ngosha_wa_Shy
Usukuma umeingiaje hapa? Unaona sasa, hoja ikiisha unakimbilia kabila.

Dada_wa_Tabata
Jamani punguzeni jazba. Ila mimi kilichoniuma si Kiingereza cha Big Brother, ni majina ya filamu. Uncle JJ, This Is It, Young Billionaire, Devil Kingdom. Ndani watu wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho, kwenye kava Kiingereza. Bibi yangu alikuwa hajui kuyatamka, akawa anaagiza "ile ya Kanumba na watoto". Huo ndio ulimbukeni ulioanza kuua tasnia, na aliuanzisha yeye.

Bi_Mkora
Aliuanzisha yeye? Girlfriend ya 2003 ilikuwa ya Kanumba? Watu mnapenda kumbebesha maiti.

Dada_wa_Tabata
Sawa, hakuanzisha. Aliukuza.

Ngosha_wa_Shy
Na Kijiji cha Tambua Haki je? Hicho ni Kiingereza cha wapi?

Mzee_wa_Mchezo
Wanangu, mnanifurahisha. Mnabishana juu ya kava. Mimi niliwaona hawa vijana ITV, enzi za Kaole Sanaa Group, ukoo mzima umebanana sebuleni kwa mwenye televisheni. Akina Ray, Johari, Kanumba, wote walipita pale. Kanumba alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho: alijua kunyamaza. Wenzake wakiambiwa walie wanapiga kelele, wanashika kichwa, wanazunguka sebule. Yeye anakaza taya, anakuangalia yule aliyemuumiza, anameza mate. Wewe uliyekaa nyumbani ndiye unayelia kwanza. Hilo halifundishwi kwa kava wala kwa Kiingereza. Alipofariki, aliyebaki na hicho kitu ni nani? Mtajieni mmoja mzee wenu.

Kalamu_ya_Mkaa
Ray.

Dada_wa_Tabata
Ray na kunyamaza? Mzee kasema kunyamaza, hakusema kuvaa miwani.

Kalamu_ya_Mkaa
Filamu ya Johari, ya akina Blandina Chagula, Kanumba aliicheza na nani? Alikuwemo Ray. Walipanda pamoja. Mnamshusha kwa sababu yu hai, angekufa yeye mngesema tasnia imezikwa na Ray.

Bi_Mkora
Hii sasa ndiyo hoja ya kwanza ya maana uliyotoa tangu asubuhi, na umeitoa kwa bahati mbaya.

Tarumbeta
Naomba niwakumbushe kitu, halafu mniache. Hatukuzika mtu mmoja. Kanumba Aprili 2012. Mchekeshaji Sharo Milionea Novemba mwaka huo huo, ajali, Muheza. Mwigizaji Sajuki Januari 2013, baada ya kuugua muda mrefu tukimchangia. Mei 2014 peke yake tulizika Adam Kuambiana, Recho Haule na George Tyson, yaani mwigizaji na mwongozaji, mwigizaji, mwongozaji, ndani ya mwezi mmoja. Tasnia yoyote ikipoteza watu hivyo kwa miaka miwili inayumba. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kwamba si Kanumba, lakini si soko peke yake.

Ngosha_wa_Shy
Tuachane na misiba. Kalamu hajajibu suala la kabila.

Duka_la_Kanda
Nimesoma kimya kimya, sasa naona niseme. Nilikuwa na banda la kuuza kanda na diski Mbagala. Mnaongelea kava kama urembo. Kava ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Mteja haji kuuliza jina la filamu, anakuja kuuliza: "Kuna mpya ya Kanumba?" Ukimwambia hakuna, anaangalia kava zilizotundikwa kwenye kamba. Akikosa sura anayoijua, anaondoka. Ndiyo maana unakuta kava ina sura nne kubwa, mmoja wao ndani anatokea mara mbili tu. Halafu kuna sehemu ya kwanza na ya pili. Hadithi ya saa moja na nusu inavutwa mpaka ijaze diski mbili: mtu anafungua geti, anaingiza gari, anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, wimbo unaimba mpaka uishe. Watu walivumilia geti kwa sababu mwenye gari ni Kanumba. Alipoondoka, geti likabaki peke yake.

Kuhusu soko, mleta mada uko sahihi nusu. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, kwenye kila diski. Nia ilikuwa kuzuia nakala haramu, lakini mwenye diski ya filamu ishirini alikuwa anauza gizani kama kawaida, na mimi mwenye diski halali gharama inapanda. Mwisho nikaanza kuuza vocha.

Dada_wa_Tabata
"Geti likabaki peke yake." Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Kalamu_ya_Mkaa
Duka, sema ukweli, wewe hukuwahi kurudufu? Banda la Mbagala lisilo na kompyuta ya kuchoma diski pembeni?

Duka_la_Kanda
Mimi nimekuja na hoja, wewe umekuja kama polisi. Endelea na Ray wako.

Mwanakwetu_Sinza (mleta mada)
Asante Duka. Wakuu, tumebakiwa na mtu mmoja anayejibu swali. Na msisahau 2017, wasanii walipoingia barabarani Kariakoo kupinga filamu za nje. Badala ya kujiuliza kwa nini mama ntilie anapenda Mkorea aliyetafsiriwa kuliko sisi, tukataka Mkorea afukuzwe.

Bi_Mkora
Waliandamana kwa sababu filamu zao zinalipa kodi na zile za nje hazilipi. Usipotoshe. Hata wewe ukiuza nyanya, jirani akauza za wizi kwa nusu bei, utaandamana.

Mzee_wa_Mchezo
Hilo la kodi sawa. Ila Mkorea ana mwandishi wa hadithi. Sisi tulikuwa tunapanga maneno asubuhi pale pale, mchana tunachukua picha. Najua ninachosema.

Tarumbeta
Mzee, basi tuseme Kanumba alikuwa anaokoa hadithi mbovu kwa kuigiza vizuri. Filamu za pamoja na Wanigeria, Dar 2 Lagos ya 2006 na Mercy Johnson, kisha Devil Kingdom na Ramsey Nouah, ndizo zilimtofautisha. Alitafuta soko nje ya Kariakoo. Nani mwingine alifanya hivyo kwa kasi ile?

Kalamu_ya_Mkaa
Na huko aliongea lugha gani? 😂

Ngosha_wa_Shy
Mods, huyu mtu bado yupo kwa nini?

Bi_Mkora
Mimi nina swali jingine kabisa. Filamu zake zote sasa zimejaa YouTube, nyingine zimetazamwa sana. Zile pesa zinakwenda kwa nani? Kwa mama yake?

Duka_la_Kanda
Dada, za kwake sijui, siwezi kusema mkataba nisiouona. Ila kwa jumla enzi zile mtayarishaji alikuwa anapeleka filamu kwa msambazaji, anapewa pesa ya mkupuo, anasaini, kwaheri. Filamu inakuwa mali ya msambazaji. Msanii aliyelipwa na mtayarishaji ndiyo kabisa, kalipwa siku ya kupiga picha. Nani alifikiria YouTube 2008?

Bi_Mkora
Yaani kauza mpaka kesho yake?

Tarumbeta
Kisheria inawezekana. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya picha na sauti miaka 50 tangu itolewe. Filamu ya 2006 ina mwenyewe mpaka 2056. Kama mkataba ulihamisha haki zote bila ukomo, mnunuzi anakula mpaka hapo. Kama ulisema diski tu, basi YouTube haimo, na familia ya msanii yeyote aliyemiliki filamu yake ina pa kuanzia: COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Ngosha_wa_Shy
Hapo sasa tumepata mada. Huu ndio uzi uliotakiwa kufunguliwa, si mambo ya nani kaua nini.

Mwanakwetu_Sinza (mleta mada)
Mada ni yangu na ilikuwa nzuri tu. Lakini sawa. Mwenye mkataba wowote wa miaka ile, hata wa msanii mdogo, aufute majina auweke hapa. Nataka kuona kipengele cha muda na kama kimetaja diski peke yake.

Duka_la_Kanda
Utasubiri sana. Niliowashuhudia mimi walisaini kwenye karatasi ya daftari, nakala moja, na ilibaki kwenye droo ya mnunuzi.