Naomba ushauri: migomba Njombe na sakitu ya Juni

Habarini wakuu. Niko Dar, kiwanja kiko Njombe, kama mita 1,900 juu ya bahari. Nataka migomba michache tu ya nyumbani.

Majani kuungua na sakitu hakunitishi. Mgomba mchanga moyo wake uko kwenye tunguu, chini ya udongo, utachipua tena. Tatizo ni ule ambao mkungu umeshaanza kupanda ndani ya shina: baridi ikiupiga hapo, mkungu umekwenda na shina hilo halizai tena.

Mpango: machipukizi ya majani membamba, yamenywe mizizi na kuchovywa kwenye maji ya nyuzi 55 kwa dakika 20 kuua minyoo ya mizizi. Shimo sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza debe mbili, nafasi mita 3, kupanda Desemba. Matandazo mengi, ila yasiguse shina, fukusi hujificha humo. Mwisho wa Mei shina livishwe majani makavu na magunia. Nailoni hapana, inashika unyevu, shina linaoza.

Sasa, kati ya mshale, mzuzu na kisukari, upi unahimili zaidi? Chipukizi la kurithi niliache mwezi gani ili mkungu usitoke Juni au Julai? Na chini bondeni, ambako hewa baridi hutuama usiku, niache kabisa nipande karibu na ukuta wa nyumba?

Musa basjoo msinitajie. Inavumilia theluji kweli, lakini ndizi zake haziliki.