Waliofurikiwa: tuwape godoro au pesa mkononi?

Mkaazi wa Tomondo

Assalamu alaykum wenzangu. Masika haijaisha na picha zishaanza: mfadhili kashika upande huu wa godoro, mzee aliyeingiliwa na maji kashika ule, wote wanatazama kamera. Hoja yangu najua itawaudhi baadhi yenu. Zile siku mbili tatu za mwanzo watu wapewe maji safi na chakula kilichopikwa. Baada ya hapo, msaada uwe pesa taslimu, tena kwa simu.

Mafuriko ya mjini Unguja yana tabia yake. Maji huteremkia mabondeni, hayana pa kutokea, yakatuama na kuchanganyika na vyoo vya shimo na visima. Nusu saa kwa miguu kutoka hapo, Soko la Mwanakwerekwe linauza kila kitu. Mchele upo na magodoro yapo. Kilichozama ni pesa ya mtu. Na kila mtu kazama kivyake: huyu anataka kodi ya chumba sehemu ya juu, yule cherehani yake imeshika kutu, mwengine anatafuta gari la kunyonya choo kabla kipindupindu hakijabisha hodi. Godoro halinyonyi choo. Halafu mtu kahifadhiwa kwa dada yake, chumba kimoja watu tisa, hilo godoro alitandike wapi? Analiuza nusu bei, nasi tunasema hawana shukurani.

Jengine ni wapangaji. Orodha ya walioathirika inapoandikwa, anayeulizwa jina ni mwenye nyumba. Mkoa wetu wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Katika hao karibu laki tatu walioongezeka wamo wapangaji, na chumba cha bondeni ndicho cha bei nafuu. Aliyepoteza kila kitu chumbani hana hata mstari kwenye daftari.

Mama wa Sebleni

Mwanangu, hiyo pesa ya simu inaingia simu ya nani? Ya mume. Mie godoro nililopewa nimelilalia na wanangu, hakuna aliyenidai. Ingekuwa pesa, ingeishia kwenye deni la duka, au kwa mke mwenzangu, Mungu anisamehe. Na huko sokoni unakokusema, maji yakiziba njia daladala hazipiti na mkaa unapanda bei siku hiyo hiyo. Weye una miguu ya kijana.

Mtu wa Micheweni

Mnazungumza kama Zanzibar ni Ng'ambo, mitaa hiyo ya mjini Unguja, tu. Huku Pemba bado zipo nyumba za fito na udongo. Mvua ya siku tatu, ukuta unalala. Mpunga wa bondeni ndio umekwenda. Pesa nitaipokea, sikatai, lakini mabati na saruji nikavifuate Chake kwa gari gani, njia imekatika? Tuleteeni vitu na mbegu. Pesa ije njia ikishapitika.

Mwandika Orodha

Nimewahi kukaa na daftari la shehia, ngazi ya chini ya utawala, nawaambieni kitu: godoro likiibwa linaonekana limebebwa. Pesa ikienda kwa shemeji ya mtu, nani atajua? Tuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, sheria yake ni ya 2015, lakini jina linaanzia kwetu chini, na huku chini kuna undugu, kuna uchama, kuna kuoneana haya. Na mkilipa pesa kila masika, mnawalipa watu wabaki bondeni.

Mkaazi wa Tomondo

Mama, shikamoo. Namba ya simu iwe ya anayepika. TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wamelipa kaya masikini miaka mingi na akina mama wengi ndio waliopokea, si jambo geni. Ndugu wa Micheweni, kwako nakubali: njia ikikatika, pesa ni karatasi. Mimi nasemea mjini.

Ila hili la "kuwalipa wabaki" silimezi. Wahamie wapi? Ardhi ni mali ya Serikali tangu Mapinduzi, na mabonde yale yalikatwa viwanja mchana kweupe, vikiuzwa kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi. Siku hiyo hakuna aliyewakemea. Leo tuwanyime kodi ya miezi miwili ili wajifunze? Kipindupindu cha 2015 na 2016 hakikuuliza nani kajenga wapi: hata wauza juisi na chakula cha barabarani wa mitaa mikavu walifungiwa biashara.

Orodha isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, ibandikwe ukutani skuli, jina na kiasi. Shemeji atajulikana.

Mama wa Sebleni

Isomwe na kwa wanawake pia. Ijumaa tunabaki majumbani tukipika.