Losheni ya jua kwa mtoto mwenye ualbino: jeli, zinki au Kilisun?

MamaWaTanga
Habari zenu wadau. Kijana wangu ana miaka saba, ana ualbino, na Januari anaanza darasa la kwanza. Huku kwetu kaskazi imeshaingia, saa nne asubuhi uwanja wa shule unawaka. Nina vitu vitatu ndani. Jeli ya SPF 50 (SPF ndiyo namba ya kinga ya jua) ya duka la dawa, kichupa cha mililita 50 kwa elfu arobaini: inapenya upesi, ila akitoka jasho inamwingia machoni analia. Krimu ya zinki SPF 30, nzito, inamwacha mweupe kama kapakwa unga. Na Kilisun, losheni ya jua tuliyopewa kliniki bure. Dada yangu anasema nichukue yenye namba kubwa, basi. Ninyi mmetumia ipi?

Mfamasia_Moro
Mama, namba isikutishe. SPF 30 ikipakwa sawasawa huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, SPF 50 takriban 98. Na namba hiyo inahusu UVB, ile inayobabua. Kwa UVA, inayopenya ndani zaidi, tazama kama kopo lina herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha. Zikiwa nyingi ndiyo kinga kubwa.
Kinachoangusha wengi ni kipimo. Mtu mzima akijipaka mwili mzima anahitaji kama mililita 30, kwa hiyo kichupa chako hakifiki hata mara mbili. Mtoto anahitaji pungufu, lakini nakuhakikishia ukinunua cha elfu arobaini utakipaka kwa kubana, na losheni iliyobanwa haifikii namba iliyoandikwa. Bora SPF 30 ya kopo kubwa unayoipaka bila kuhesabu matone.

Mkaa_Moshi
Mimi mwenyewe nina ualbino, nipo kwenye thelathini. Natumia Kilisun. Inatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ngozi zetu, SPF yake ni 30 na zaidi. Ni nzito kidogo ila haiwashi. Nikiwa mdogo nilipakwa asubuhi mara moja kama mafuta ya kawaida, nikashinda juani hadi jioni. Masikio na mdomo wa chini vilibabuka hadi vikawa vidonda, na sehemu moja ya sikio ilibidi ikatwe. Kwa hiyo mama, nyuma ya masikio, kisogo na midomo usivisahau. Na losheni ije baada ya shati la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana kuzunguka kote. Kapelo haifuniki masikio.

BintiMvita
Mie naitetea zinki. Haichomi macho, na mtoto wa ndugu yangu ngozi yake haivumilii nyingine. Lakini weupe ule ulimtesa: wenzake walimcheka, akawa anajifuta chooni, nasi hatuna habari. Tulipopata yenye rangi kidogo, aliacha kujifuta. Muulize mwanao anaona vipi kabla hujachagua. Huku Kenya waliosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupewa losheni bure, kwa hivyo ya kununua tunaiweka kama akiba.

Mfamasia_Moro
Kweli kabisa. Nyongeza moja: msinunue krimu ya "kung'arisha" eti kwa sababu imeandikwa SPF 15. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe hata kwa za bure.

MamaWaTanga
Ahsanteni sana. Nimemuuliza, kasema zinki hataki. Basi Kilisun kila siku, jeli naiweka ya safari. Shida imebaki moja: kurudia kila baada ya saa mbili. Saa nne yuko shule, nani atampaka?

Mkaa_Moshi
Mfundishe ajipake mwenyewe kuanzia sasa, mbele ya kioo: losheni ya kujaza mstari juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, kisha mikono. Kikopo kidogo kikae kwa mwalimu wa darasa, na kengele ya mapumziko ndiyo iwe saa yake ya kupaka, kabla hajatoka nje. Mwalimu muombe pia ruhusa ya kofia hata mstarini asubuhi, na akae mbali na dirisha lenye jua. Nenda kabla shule haijafunguliwa, siku ya kwanza hutapata nafasi ya kuzungumza naye.

MamaWaTanga
Jumatatu naenda, kaka. Kofia ninayo, nitaenda nayo aione.