Mjadala: Riwaya ya giza isiyo na mahali inamtisha nani?

Wadau wa fasihi, naleta hoja ambayo najua wengi mtaipinga. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alitutisha zaidi katika riwaya yake Kichwamaji (1974) kuliko katika Nagona (1990) na Mzingile (1991).

Giza la Kichwamaji lina kijiji, lina wazazi, lina majirani. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye hawezi tena kuelewana na watu wake wa Ukerewe. Mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na mwisho Kazimoto anajiua. Sawa, kichwa kile ni ishara ya elimu isiyo na mwili wa kuibeba. Lakini kabla hakijawa ishara ni kichwa cha mtoto, na Sabina, mke wa Kazimoto, ndiye aliyemzaa. Ndiyo maana kinauma.

Mzingile inatupa dunia iliyoteketea. Mahali hapajulikani, wakati umevurugwa, ndoto na visasili vimefumwa pamoja. Watetezi wake husema dunia iliyovunjika husimuliwa kwa masimulizi yaliyovunjika. Kwa ufundi wa lugha sina ubishi nao, zile kurasa ni ushairi. Ila hofu hutokana na kuwa na kitu cha kupoteza, na dunia ambayo sikuoneshwa ikiishi, ikiungua naona majivu tu.

Wengine watasema mafumbo yalikuwa ngao enzi za chama kimoja. Hapo nawapa haki yao: riwaya yake Rosa Mistika (1971), iliyosema wazi kuhusu binti, baba mkali na utoaji mimba, ilipigwa marufuku shuleni, ndipo baadaye ikaja kufundishwa. Lakini fumbo si lazima lipoteze mahali pake. Mwandishi Katama Mkangi aliwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986 bila kufunguliwa kesi. Katika riwaya yake Walenisi (1995), mhusika Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa, anafika sayari ya watu wanaoishi kwa usawa. Ni fantasia tupu, lakini Mkenya wa miaka ile alikijua kile kizimba.

Haya, mnaoipenda Mzingile, karibuni. Msiniambie ina falsafa nzito, hilo nakubali. Nitajieni sehemu moja iliyowatia hofu ya kweli, mseme iliwatisha kwa lipi.