Kiharusi: tuanze na dawa ya kuyeyusha damu, au tuanze na wodi?

Mfamasia wa Mwenge
Dawa ya alteplase, inayoyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa wagonjwa wetu wengi bado ni dawa ya kusikia tu. Hoja yangu ni kwamba Serikali iinunue na bima ziilipie, kwa sababu ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, mtu ambaye angebaki kitandani anaweza kurudi shambani au dukani kwake.

Mkazi wa Machame
Mgonjwa huyo unayemtetea hafiki ndani ya saa 4 na nusu. Anafika siku ya tatu, akiwa ameshasomewa, ameshafukizwa na kupakwa mafuta, kwa sababu ndugu zake wameamua kwamba amepigwa na upepo mbaya. Aidha, nilisoma mahali kwamba dawa hiyo inaua wagonjwa 6 katika kila 100. Ndugu waelimishwe kwanza.

Binti wa Kigamboni
Habari za dawa nawaachia wataalamu, lakini hilo la kuwatupia ndugu lawama siwezi kulinyamazia. Mama yangu aliangusha kikombe cha chai saa 1 jioni, mdomo ukaenda upande, na saa 2 kasoro robo tulikuwa mapokezi, tumempakata kwenye bajaji. Hatukupita kwa mganga yeyote. Tulitumwa kufungua faili, tukatumwa dirisha la malipo, kisha tukaambiwa mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, ni mbovu, tumpeleke kwingine. Picha ya kichwa ilipatikana saa 5 asubuhi ya siku ya pili. Katika saa hizo 16, ni zipi zilizopotezwa na ndugu?

Mkazi wa Machame
Pole sana kwa yaliyowapata. Nilieleza ninayoyaona huku kwetu, nami siyafuti, kwa sababu yapo. Ila nakubali kwamba mzigo ni mkubwa zaidi huko mliko: utafiti uliofanyika Hai, wilaya yetu, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri wa wakazi, viharusi vipya takriban 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa Dar es Salaam, na 109 kwa Hai.

Mfamasia wa Mwenge
Hiyo 6 kwa 100 inatoka kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, na ni hesabu ya waliovuja damu ubongoni, si ya waliokufa. Vifo vya miezi mitatu havikuongezeka. Ndiyo sababu CT lazima itangulie, kwani dawa hiyohiyo akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, inaweza kummaliza. Nakiri kwamba mahali ambapo mashine hailali macho usiku, dawa itaisha muda wake kabatini.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Mnazungumza kana kwamba aliyechelewa hana tena matibabu, ilhali waliochelewa ndio wengi wanaojaza wodi yangu. CT ikishaonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, aspirini ndani ya saa 48 inapunguza vifo na viharusi vya kujirudia; faida yake kwa mtu mmoja ni ndogo, lakini bei yake kila hospitali inaimudu. Presha nayo haishushwi kwa pupa: kwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida tunaiacha hadi ivuke 220 kwa 120, maana ile sehemu ya ubongo iliyopungukiwa na damu inaitegemea, na hapo ndipo ndugu hutulaumu kwamba tumemtelekeza. Kinachoniumiza zaidi ni uji. Koo lililopooza halijui kufunga njia ya hewa, uji unaingia mapafuni, na nimonia inammaliza mtu ambaye kiharusi kilimbakiza.

Binti wa Kigamboni
Dada, usiku ule nilimlisha Mama uji akiwa amelala chali. Alikohoa, sauti ikawa kama ina maji ndani yake, nami nikamfuta mdomo na kuendelea, kwa kuwa nilitaka apate nguvu. Homa ilianza siku ya nne. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Mkazi wa Machame
Baba yangu mkubwa amelazwa tangu juzi, na shangazi amempelekea uji asubuhi hii. Nifanye nini?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Mpigie shangazi sasa hivi, asitishe. Mwombeni muuguzi wa wodi ampime kumeza: mgonjwa akiwa macho, ameketishwa wima, apewe maji kijiko kimoja kimoja, huku kikohozi na sauti vikisikilizwa. Akishindwa, atawekewa mpira wa puani wa kulishia. Hata maji ya kumezea dawa yasubiri kipimo hicho.

Mkazi wa Machame
Napiga.