Mrejesho: Kinga ya stelingi kwenye Defender

Wakuu, niliuliza kama kinga ya stelingi, yaani bati la chuma linalofungwa mbele chini kulinda rodi za stelingi, inafungika kwenye Land Rover Defender 110 bila kutoboa chesisi. Inafungika. Fundi wangu hapa Nyakato, Mwanza, katumia matundu yaleyale ya bolti za bampa, akaweka bolti ndefu zaidi, na chini vibano. Kutoboa nilikataa, tundu likipitisha maji, kutu inakula chesisi kutoka ndani.

Kazi ilikuwa kwenye nafasi, yaani stelingi isiguse bati ikizunguka. Aliyesema nipandishe tairi moja juu ya jiwe kisha nikate stelingi hadi mwisho, kulia na kushoto, asante sana mkuu. Mawe Mwanza hatununui! Upande wa kushoto shokapu ya stelingi (inayopunguza mtikisiko wa usukani) ilikuwa inagusa ukingo wa bati. Tukaongeza washa nene (pete za chuma za kwenye bolti), ikaachia.

Ila jueni inakinga rodi ya mbele tu, ile inayotoka kwenye boksi ya stelingi. Tairodi, ile ndefu inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, iko nyuma ya ekseli, bado iko wazi.

Udongo mweusi wa mbuga unajaa nyuma ya bati, kwa hiyo naosha kwa presha. Njia ya Magu ililegeza bolti, nimekaza upya na kuweka nati za kujifunga.