Kumshutumu mtu ni kumtukana? Naombeni ushauri

Katibu Muhtasi: Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi. Kikao kilichopita mwenyekiti alimwakia mweka hazina mbele ya watu kwa kuchelewesha hesabu. Kwenye muhtasari nikaandika "alimshutumu". Mwenyekiti kaja juu, eti nimemfanya aonekane katukana, niweke "alimshauri". Ushauri gani ule, na meza iligongwa! Asili ya neno hili ni nini, na niandike lipi?

kalamu_kavu: "Alimshauri" ni kichekesho, ila ana hoja. Shutumu limetoka kwenye Kiarabu, shatama, yaani kutukana. Kwetu limepoa: redio ikisema serikali imeshutumu shambulio, hakuna anayewaza matusi. Lakini maana ya zamani ipo. Soma Mathayo 5:11 kwenye Union Version: "Heri ninyi watakapowashutumu na kuwaudhi". Pale watu wanatukanwa hasa.

BintiSarufi: Tena siku hizi wengi wanalichanganya na tuhumu. Msomaji atadhani mweka hazina kala hela. Alishukiwa?

Katibu Muhtasi: Hapana dada, hesabu zilichelewa tu.

BintiSarufi: Basi liondoe upesi, kabla mweka hazina naye hajaja juu.

babu_kamusi: Mwanangu, weka "alimkaripia". Kukaripia ni kusema na mtu kwa ukali juu ya kosa lake ili asirudie, na tusi halimo. Kemea nalo ni kali, ila masikioni mwangu linaelekea zaidi kwenye kukomesha jambo papo hapo. Ndiyo maana pepo hukemewa, na katika Marko 4:39 hata upepo umekemewa. Ukitaka kuona kwamba hayalingani, 2 Timotheo 4:2 inayataja kwa mfululizo: "karipia, kemea, na kuonya".

jicho_pembeni: Si aandike tu "alimfokea"? Maana ndicho kilichotokea 😂

babu_kamusi: Maji yakichemka yakapanda na kumwagika, yamefoka. Kwa hiyo ukiandika kafoka, unasimulia hasira za mwenyekiti, kosa la mweka hazina linabaki pembeni. Ni neno zuri la kusimulia kijiweni. Kwenye muhtasari linatafuta ugomvi.

Katibu Muhtasi: Shukrani babu, shukrani wote. Nimeandika "alimkaripia kwa kuchelewesha hesabu" na nimemtumia. Kajibu: "Sawa, lakini ongeza kwamba nilikaripia kwa upole."

jicho_pembeni: Na meza je, nayo iligongwa kwa upole?